Kitambaa Kati ya Vioo

Jirani Toktokan alirudisha mguu nje kabla hajafika hata kwenye cherehani. Aliziba pua kwa ncha ya kilemba chake, akamvuta na mwanawe nyuma, wala hakujisumbua kuficha.

"Peri mwenzangu, usinichukie," alisema, "lakini sare ya mtoto ikilala humu usiku mmoja tu, darasani atakaa na nani?"

"Nitaishonea jikoni, dada. Nitaianika nje."

"Nje kuna theluji." Toktokan akamtupia jicho tumboni. "Au ni ile habari njema? Maana kila nikipita nakuona umeinama kwenye uzio, unatapika."

"Hakuna habari njema. Kuna uvundo."

"Haya, Mungu akusaidie." Akavaa viatu vyake haraka haraka na kuondoka na kitambaa chake cha sare kwapani.

Perizat alifunga mlango, akajuta papo hapo, kwa sababu mlango ukifungwa ndipo uvundo ulipoinuka. Ulikuwa wa mafuta yaliyooza, mtamu mtamu kwa mbele na mkali kwa nyuma, wa kumkaa mtu kooni asiweze kuutema wala kuumeza. Alilala nao, aliunywa kwenye chai, aliushona kwenye pindo za nguo za watu. Asubuhi moja alinusa nywele zake mwenyewe akataka kulia.

Na si kwamba hakuusaka. Aling'oa mbao za sakafu pembeni mwa jiko la makaa. Alifua mapazia, akafua na magodoro ya kukalia, akasugua kuta kwa magadi mpaka vidole vikachubuka. Kubat, mumewe, alisema ni panya, panya wa wenye nyumba waliotangulia, nyumba za zamani ndivyo zilivyo. Alisema hivyo kila siku, tena kwa sauti ya upole ya kumbembeleza, na kila siku Perizat alimwamini, kwa sababu alimpenda.

Alimpenda vibaya. Kubat alikuwa mwokaji, anatoka kabla ya alfajiri na kurudi adhuhuri, na shingo yake ilinukia mkate wa moto. Katika nyumba ile ilikuwa ndiyo harufu njema pekee iliyobaki. Perizat alikuwa akimngoja pale pale mlangoni, hata kofia hajavua, anafukia uso kwenye shingo ile na kuvuta pumzi, na Kubat anacheka, "Niache nipumue na mimi, mke wangu." Kwa ajili ya shingo ile alikuwa amevumilia mengi.

Alivumilia kuitwa mwanamke aliyerudi. Alikuwa ameolewa mara moja huko nyuma, akaachika, akarudi kwa mama yake huko Naryn na sanduku moja, na Kubat alipomtaka, Zuurakan, mama yake Kubat, alikaa kitandani siku nzima ameelekea ukutani. Kitinda mimba wake, kijana ambaye hajaoa bado, achukue chombo kilichokwisha tumika! Ndoa ikafungwa hivyo hivyo, kwa haraka, bila wazazi kula pamoja mafuta ya mkia wa kondoo na ini. Na pasipo mafuta na ini, watu hawajawa wakwe. Wamefahamiana tu.

Kisha likaja kosa lililo kubwa kuliko lile. Mtoto wa mwisho wa kiume hahami kwa wazazi. Nyumba ni yake na wazazi ni wake. Kubat alihama. Vuli hii wawili hawa walinunua nyumba hii ya mbao hapa Karakol, yenye lango la bluu na chumba kimoja kikubwa chenye dirisha linalotazama jua, na Perizat akaweka cherehani chini ya dirisha akasema, hapa ndipo nitakapozeekea.

Mama yake Perizat ndiye aliyetaka mambo yawekwe sawa. Alitoka Naryn na mkia wa kondoo mzima, akauchemsha na ini katika nyumba mpya, akakata minofu, akamlisha Zuurakan kwa mkono wake mbele ya watu wote. Alimlisha mara ya kwanza, akamlisha ya pili, ya tatu akamjazia hadi mashavu yakavimba, na watu wakapiga kelele za furaha. Zuurakan alifunika mdomo kwa kitambaa chake cha mkononi, akaitikia kwa kichwa. Fungu lake la kwenda nalo nyumbani akapewa mkononi, likiwa bado moto. Perizat alilia siku ile. Alijiambia, sasa mimi ni mkwe wa mtu.

Sasa ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa Zuurakan huja. Huja na donge lake la unga aliloliumua nyumbani, hukaanga mafuta yatoe harufu, marehemu mumewe huko aliko aipate na aridhike. Ijumaa iliyopita alisimama na mwiko juu ya sufuria, akanusa hewa, akasema mbele ya mashangazi wawili wa Kubat:

"Sijui baba wa watu anapata harufu gani kutoka nyumba hii. Mwanamke akishazoea uchafu, pua yake hufa."

Mashangazi waliguna. Kubat alikuwa amekaa pale pale, anatazama kikombe chake.

Sasa Perizat alisimama katikati ya chumba, akafumba macho, akajiachia anuse. Mpaka leo alikuwa akiukimbia uvundo; leo aliufuata. Ulimpitisha mbele ya kabati, ukampitisha mbele ya jiko, ukamleta kwenye cherehani. Akainama. Haukuwa sakafuni. Akainuka taratibu hadi pua yake ikagusa fremu ya dirisha, kwenye kona ya chini.

"Ni hapa," alisema peke yake. "Astaghafiru, ni hapa."

Akashika komeo akavuta. Dirisha halikutikisika. Akavuta kwa mikono miwili, mguu mmoja ukutani. Wapi! Lilikuwa limeshikwa na rangi pande zote nne, rangi nene ya bluu, imejaa kwenye mwanya kati ya ubao na ubao.

Kila mtu huziba madirisha vuli ikiisha. Dirisha la ndani na la nje, katikati unajaza pamba, juu ya mianya unabandika vipande vya karatasi kwa maji ya sabuni, na theluji ikiyeyuka unavibandua kwa kucha. Hakuna anayepaka rangi. Kubat alipaka, siku moja baada ya karamu, Perizat akiwa amemsindikiza mama yake kwenye gari la Naryn. Aliporudi alikuta kazi imekwisha, rangi iliyobaki ya lango imetumika yote. "Baridi ya hapa haina adabu," Kubat alimwambia. "Sitaki mke wangu apigwe na upepo akiwa anashona." Perizat alimbusu kwa ajili ya kazi ile. Alikumbuka sana kwamba alimbusu.

Akachukua kisu cha jikoni, akakipasha kwenye makaa, akaanza kukata rangi.

Alikuwa amemaliza upande mmoja Kubat alipoingia. Alivua viatu, akanyoosha shingo kama ilivyo kawaida yao, akingoja uso wake. Uso haukuja.

"Peri? Unafanya nini hapo?"

"Nafungua dirisha."

"Achana nalo!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, akaishusha. "Achana nalo, mpenzi. Utavunja kioo. Nitalifungua mwenyewe theluji ikiisha."

"Panya wako yumo humu."

"Panya gani akae kati ya vioo?"

"Hilo nakuuliza wewe. Njoo unuse."

"Nimechoka, Peri. Nimesimama mbele ya tanuri tangu usiku."

"Njoo unuse, Kubat."

Hakuja. Alisimama karibu na mlango na mkate mikononi, na Perizat akamtazama, akaona kitu kilichomfanya aache kukata. Mumewe hakushangaa. Uso wake ulikuwa umepauka, macho hayataki kutulia, lakini mshangao haukuwemo hata chembe.

"Unajua kuna nini," alisema.

"Sijui."

"Unajua."

"Peri, sikiliza." Akauweka mkate juu ya cherehani, akaja karibu, akamshika mkono wenye kisu. Viganja vyake vilikuwa vya moto, na ile harufu ya mkate ikamfunika Perizat, na moyo wake mjinga ukalegea kidogo, ukakumbuka siku ya kwanza aliponunua mkate kwake sokoni, naye Kubat akakataa kupokea pesa. "Mambo mengine ukiyaacha yanajifia yenyewe. Tumeanza maisha. Tuna nyumba. Leo mama anakuja, tunywe chai kwa amani. Kesho nakuapia nitaling'oa dirisha zima niweke jipya, wewe ukiwa sokoni. Wala usilione."

"Nisilione nini?"

Kubat akazidi kuukaza mkono.

"Niachie mkono wangu."

"Peri..."

"Mteja ameniondokea leo akiwa ameziba pua. Mama yako ameniita mchafu mbele ya shangazi zako, nawe ukakodolea kikombe. Nimetapika mpaka majirani wananihesabia mimba. Niachie mkono."

Akamwachia.

Perizat alikata upande wa pili na wa tatu. Rangi ilichanika vipande virefu, ndani bado mbichi, ikimganda kwenye vidole. Aliposhika komeo tena, Kubat alimsogelea na patasi, akaiingiza kwenye mwanya wa juu akagonga kwa kiganja, polepole, kama mtu anayechimba kaburi la mtu wake. Ubao ulilia. Dirisha likatoka kwa kishindo.

Na uvundo ukawatokea wenyewe, mzima mzima, usiopitia kwenye ufa. Perizat aliinama pembeni akatapika kwenye karai la maji ya pasi. Alipojifuta mdomo akarudi, akaona pamba. Ilipaswa kuwa nyeupe. Kwenye kona ilikuwa imegeuka manjano, imelowa, na nzi waliokufa wamelala juu yake miguu juu. Akaifunua kwa ncha ya kisu. Chini yake palikuwa na fungu lililofungwa, ukubwa wa ngumi, limevimba, linatoka ute. Jua la mchana na joto la jiko vilikuwa vimelipika humo polepole. Funza walikuwa wakitambaa wakiingia na kutoka kwenye fundo, weupe, wanene, hawana haraka.

Fundo lilikuwa la kitambaa cha mkononi. Pindo lake lilikuwa na maua ya bluu, na ua la kona lilikuwa na petali moja iliyozidi, kwa sababu aliyelidarizi alisinzia akakosea hesabu, akaona uvivu kufumua. Perizat alilifahamu ua lile. Alikuwa amelidarizi yeye, kwa taa, usiku wa kabla ya kumpelekea mkwe wake zawadi ya kwanza.

Hakupiga kelele. Alikuwa anatazama mafuta ya mkia na ini, minofu aliyoikata mama yake, mengine bado na alama za meno.

"Hakumeza," alisema.

Kubat alikaa chini kwenye sakafu.

"Alitoka nayo mdomoni," alisema. "Alikuja hapa dirishani, akasema anatazama milima. Nilimwona anatema. Na lile fungu alilopewa akalifungia humo humo. Angefanya nini, Peri? Ameshindwa kumeza, na kutupa mbele ya watu hawezi. Nilidhani atakuja kulichukua. Kesho yake akaniambia, mwanangu, nisitiri."

"Ukamsitiri."

"Ni mama yangu."

"Ukamsitiri kwa rangi ya lango letu." Alisikia sauti yake imetulia mno. "Mimi nikakubusu. Nikang'oa sakafu, nikasugua kuta, nawe unaniangalia. Unakula chakula changu, unalala kifuani kwangu, unaniambia panya. Kubat, nyama hii hainitii kinyaa kama wewe."

Akanyoosha mkono amshike. Perizat alirudi nyuma, na mara ile harufu ya mkate ilimpata tena, ikachanganyika na ile nyingine puani, asiweze kuzitenganisha. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Walikuwa wamemharibia hata shingo ya mumewe.

Lango likalia. Wote wawili walisikia viatu vya Zuurakan vikikung'uta theluji barazani.

"Nakuomba," Kubat alinong'ona. "Niache niseme ni panya. Mara hii tu. Nitakuwa mtumwa wako maisha yangu yote."

"Mtumwa nimfanyie nini? Mimi nilitaka mume." Akarudi nyuma mpaka ukutani, akakunja mikono. "Sitasema neno. Sema wewe. Utakalosema ndilo litakaloniambia kama nifungue cherehani hii niipakie kwenye gari la Naryn, au niiache."

Zuurakan aliingia na bakuli la unga uliofunikwa taulo. Mwanamke mfupi, mnyoofu, kilemba cheupe kimefungwa bila kosa. Alianza kusema kabla hajainua macho.

"Mbona baridi hivi? Mmechoka kunuka, sasa mnataka kuganda? Mkwe, chai iko..." Akaona dirisha. Akaona kilicholala kwenye kizingiti chake. Bakuli likateleza kidogo mikononi, akalidaka.

Kubat akainuka. Perizat alimtazama. Alikuwa amempenda mtu huyu, na kwa muda ule mfupi hakujua kama anamtakia aseme kweli au anamtakia aanguke tu afe.

"Panya huyo," alisema Zuurakan, upesi. "Si ndiyo, mwanangu? Nilisema mimi nyumba hii ina panya."

"Hapana, apa, mama yangu," Kubat alisema. "Ni nyama yako."

Akanyoosha kidole dirishani.

"Ni nyama uliyoitema. Nami nikaiziba. Ijumaa ile ulipomwita mke wangu mchafu, ulijua uchafu ni wa nani, nami nilijua. Peri ndiye pekee ambaye hakujua, na ndiye aliyekuwa anasugua."

"Unamtukana mama yako mbele ya mwanamke?"

"Namwambia mama yangu kweli mbele ya mke wangu."

Zuurakan aliweka bakuli chini. Alimgeukia Perizat, na Perizat alijiandaa kwa matusi, lakini uso wa mama yule ulikuwa umekunjamana kwa namna nyingine, ya mtu aliyekutwa bila nguo.

"Haikupita," alisema. "Mama yako alikuwa anasukuma kwa vidole vyake, na mimi kooni kumefunga. Nikajisemea, nikimeza nimekubali. Nimekubali mtoto wangu wa mwisho aihame nyumba yangu, aniache na vikombe sita na mimi mtu mmoja. Sikumeza. Na leo ukinilisha tena, nitatema tena. Mmeridhika?"

"Ungesema siku ile, apa," Perizat alisema. Alikuwa ameahidi kunyamaza, lakini ikamtoka. "Ungetema mbele ya watu. Ningelia, ningefagia, yangekwisha. Umeniacha nioze nayo."

Zuurakan alifunga vizuri kilemba ambacho hakikuwa kimelegea. "Kubat. Nishikie koti. Nipeleke nyumbani."

Kubat alimshikia koti. Akamwinamia, akamvalisha viatu, kama anavyofanya mtoto wa mwisho. Wakatoka pamoja, na mlango ukafungwa, na Perizat akabaki na unga unaoumuka sakafuni.

Alikwenda dirishani. Akasukuma la nje pia. Lilikataa, akalipiga kwa bega, likafunguka, na baridi ya milimani ikaingia ikamkata machozi usoni. Alivuta pumzi. Vuli yote hakuwahi kuvuta pumzi namna ile. Aliwaona wamesimama langoni, mama amemshika mtoto mkono wa koti, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi, alisikia kila neno.

"Twende," Zuurakan alikuwa akisema. "Kitanda chako nimekitandika. Kila siku nakitandika."

"Gari hilo linakuja, apa. Utafika salama."

"Na wewe?"

"Mimi naishi hapa."

Mama akaachia mkono wa koti kidole kimoja kimoja. "Kitambaa kile," alisema, chini chini. "Nilikuwa nakipenda kitambaa kile. Nilikuwa natembea nacho." Akapanda gari bila kugeuka.

Kubat alirudi. Hakuingia ndani, alikuja mpaka chini ya dirisha, akasimama kwenye theluji, kichwa wazi. Perizat alikuwa ameshalikusanya fungu lile kwenye koleo la makaa, pamoja na pamba yake na nzi wake. Akampitishia kwa dirishani.

"Kachimbe," alimwambia.

Alichimba karibu na uzio, ardhi imeganda, anapiga sululu hadi jasho likamtoka katikati ya baridi. Mara mbili aligeuka pembeni akatapika, na Perizat, Mungu amsamehe, aliburudika kumwona. Alipomaliza kufukia akarudi pale pale dirishani. Alinuka mtapiko na udongo. Mkate haukunukia tena popote.

"Apa kasema..."

"Nimesikia."

"Utamdarizia kingine?"

"Aje ameze kwanza."

Akakubali kwa kichwa. Midomo yake ilikuwa ya samawati. Macho yake yalikuwa yakimuuliza swali jingine, la yeye mwenyewe, nalo hakuthubutu kulitia mdomoni. Perizat alimtazama kwa muda mrefu, hana hamu naye, hana huruma naye, na bado hakuweza kuyatoa macho yake usoni mwake. Cherehani ilikuwa nyuma yake. Hakuigusa.

Alichukua kipande cha sabuni ya magadi kwenye kizingiti, akamnyooshea kupitia dirisha.

"Nawa," alisema. "Kwa theluji. Mpaka niseme basi."

Kubat akapiga magoti, akaanza kunawa, na Perizat akaegemea fremu kumsimamia, dirisha wazi, wala hakusema basi.